Sailensa Iliyokamatwa Malaba

Wiki iliyopita, vijana wangu, mlininywesha chai ya kuniaga pale ofisini Busia, mkanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haraka ya kujua ni saa ngapi. Halafu yule msichana wenu wa maabara akasimama akasema, "Mzee Wandera, tuandikie mambo ya zamani, sisi tumekuta kazi imeshalainika." Nikajibu ndiyo kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa mandazi. Ahadi ni deni, basi nimekaa mezani.

Vyeo sitavitaja. Nilipanda polepole mno, na hakuna atakayejifunza kitu kwa kuhesabu ngazi. Mshahara nao mnaujua, ni ule ule mnaoulalamikia, ila wetu ulikuwa mdogo zaidi. Nitawaambia habari za mbwa, za mzee Ekisa, na za bomba moja jeusi lililonifunza sheria siku ambayo nilidhani nimeshaijua.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilitoka kwetu Khunyangu kwa baiskeli, viatu vipya nimevifunga shingoni ili visiharibiwe na matope, nikavivaa nilipofika kwenye lango la ofisi. Daktari wa mifugo aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaninyooshea mzee mmoja aliyekuwa amekalia gunia, anasafisha shotigani kwa kitambaa. "Huyo ni mzee Ekisa," akasema. "Chochote atakachokufundisha, jifunze. Isipokuwa kupiga kelele."

Nikaenda nikamwamkia. Kimya. Nikamwamkia tena. Kimya. Nikainama mbele ya macho yake, ndipo akashtuka, akanipigia ukelele kama mtu anayemwita mwenzake aliye Tororo: "UMEKULA?"

Nikasema bado. Akaweka bunduki chini, akanipeleka kwa mama mmoja wa uji, akaningoja nimalize kikombe. "MTU MWENYE NJAA HAPEWI BUNDUKI," akasema, na wateja wote wakageuka. Hilo lilikuwa somo la kwanza, na mpaka leo sijaona kitabu cha idara kinachosema vizuri zaidi.

Mzee Ekisa alikuwa Mteso wa Amukura, mrefu, mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mpiga mbwa wa wilaya. Siku hizo hakuna aliyejali masikio ya mfanyakazi. Shotigani ililia karibu na shavu lake asubuhi na jioni, hata pamba hakupewa, mpaka sikio la kulia likafa kabisa na la kushoto likabaki na kidogo. Ukitaka kuongea naye, simama kushoto. Ukitaka kumficha jambo, simama popote.

Kazi yenyewe ilikuwa kichaa cha mbwa. Ninyi mnakisoma kwenye karatasi. Sisi tulikiona kikitembea barabarani kinadondosha mate. Mpakani mbwa hana pasi. Analala Kenya, anakula Uganda, na akiugua anauma pande zote mbili bila ubaguzi. Tulikuwa tunatangaza siku ya chanjo kupitia kwa chifu, tunadunga kila mbwa anayeletwa, tunamfunga utepe mwekundu shingoni. Wiki moja baadaye tunarudi, na mbwa asiye na utepe anapigwa risasi. Watu walituchukia kwa moyo safi.

Walituficha mbwa ghalani, mapangoni, kwenye vyungu vikubwa vya pombe ya busaa. Kule Marachi mama mmoja alitwambia kwa huzuni kwamba hana mbwa, ila mkwe wake ni mgonjwa sana, amelala kitandani, tusimsumbue. Tukachungulia. Blanketi lilikuwa linapumua haraka haraka. Mzee Ekisa akamwambia, "MAMA, MKWE WAKO ANA MKIA." Yule mama akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Tukamdunga mkwe, tukamvisha utepe, tukapewa viazi vitamu.

Lakini shida kubwa haikuwa kufichwa. Shida ilikuwa mlio. Unafika sokoni, mbwa koko wako wanane, unapiga mmoja, na saba waliobaki wako ng'ambo kabla moshi haujaisha. Ng'ombe wa mnada wanakata kamba. Punda wanamwaga mitungi. Na hapo Malaba ndipo ilikuwa balaa, kwa sababu ng'ambo ya mto kulikuwa na wanajeshi wa Uganda, na miaka hiyo walikuwa hawana imani hata na kivuli chao. Shotigani ikilia upande wetu, wao wanalala chini na kuelekeza mitutu kwetu. Daraja linafungwa. Malori yanapangana mpaka huko nyuma usikoweza kuona, madereva wanavua mashati, matanboi, wasaidizi wao, wanatutukana kwa lugha zote za nchi. Siku moja dereva mmoja wa tanka, mtu wa pwani, mpole kabisa, aliniuliza, "Ndugu yangu, huyo mbwa mmoja alikuwa na thamani gani hata mimi nilale hapa?"

Ndipo ikaja sailensa.

Ililetwa kutoka Nairobi ndani ya sanduku la mbao, pamoja na bunduki ndogo ile tuliyoiita tuu-tuu. Nilitarajia mtambo. Nikaona bomba jeusi, urefu wa magunzi mawili ya mahindi, linalokazwa kwenye mdomo wa mtutu kwa nyuzi kama za boliti ili kumeza mlio. Nikasema moyoni, serikali imetuletea bomba la baiskeli.

Msidanganywe na sinema. Kwenye sinema jambazi anafyatua na hata paka hageuki. Uongo mtupu! Mlio upo. Ni kama mtu aliyefunga mlango wa kabati kwa hasira. Tofauti ni kwamba aliye nyumba ya tatu hajui kilichotokea, na mbwa wa pili anainua kichwa, anashangaa, anaendelea na mfupa wake. Bunduki inatulia mkononi, hairuki, kwa hiyo unampiga mnyama pale pale palipotakiwa na hateseki. Ng'ombe hawakati kamba. Wanajeshi wa ng'ambo wanaendelea kucheza karata. Ubaya wake ni kwamba inarefusha bunduki, inakwama kwenye matawi, inashika uchafu upesi, na risasi zake ni zile za mwendo wa pole tu, ukitumia zile za kasi unapata kelele nyingine huko mbele na umefanya kazi bure.

Siku tuliyoijaribu, mzee Ekisa alifyatua mara tatu kwenye kopo, akanitazama. "IMELIA?" Nikamwonyesha kwa vidole, kidogo. Akaishika ile sailensa muda mrefu, akanikabidhi. "Basi hii ni ya masikio yako," akasema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo. "Yangu yalishaenda na kazi. Wewe rudi nyumbani na yako." Niligeuka nikajifanya naangalia ng'ombe, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Sasa sheria. Sajenti wa ghala la silaha pale Busia alituita, akafungua kitabu chake, akasoma polepole kama padri. Bunduki ina cheti chake. Sailensa nayo ina cheti chake peke yake. Haiuzwi dukani, haiazimwi, haishikwi na mtu ambaye jina lake halijaandikwa. Asubuhi unatia sahihi kuichukua, jioni unatia sahihi kuirudisha, hata kama hukuitumia. Na kwenye cheti cha ile yetu waliandika jina moja tu, langu, kwa sababu mzee Ekisa alikataa kuongezewa mzigo.

"Na usikie vizuri," sajenti akasema. "Hii kitu, hata ukiitoa kwa bunduki, hata ikiwa peke yake mezani, kwa sheria yenyewe ni bunduki."

Nikacheka. "Afande, bomba tupu?"

Yeye hakucheka. "Bomba tupu. Mtu akipatikana nayo bila cheti, ni kama amepatikana na bunduki. Hata mtu mwema anahitaji leseni ya kunyamazisha bunduki, maana mtu mbaya ndiye anaipenda zaidi."

Niliitikia ndiyo afande, ndiyo afande, lakini yaliingia sikio hili yakatokea lile. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na kichwa changu kilikuwa kwingine. Kilikuwa Malaba, kwenye kibanda cha bati kando ya reli, kwa fundi wa baiskeli aitwaye Auma.

Auma alikuwa msichana wa Sigalame. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi, mgongo ukamkataa, binti akashika spana. Mwanzoni madereva walikuja kumcheka, wakaondoka na pancha zilizozibwa vizuri na majibu ya kuwatosha safari nzima. Wale vijana wa kuvusha abiria kwa baiskeli, kutoka kituo chetu cha mpakani hadi kile cha ng'ambo, hawakumwamini mwingine. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na akicheka alijipangusa kipaji cha uso, hivyo kila mara alikuwa na mstari mweusi hapo. Mimi nilikuwa nampenda mwaka mzima na sijasema neno. Baiskeli yangu ilikuwa nzima kabisa, lakini kila Ijumaa ilipata ugonjwa mpya.

Lazima niwaeleze desturi ya mafundi wa Malaba, la sivyo hamtaelewa. Mpakani, ukianza kuuliza kitu ni cha nani na kimetoka wapi, hutamaliza siku bila kesi. Kwa hiyo mafundi walikuwa na kanuni yao: kitu hurudi kwa mkono uliokileta. Fundi hamtaji mtu, na hampi mwingine. Nilimwona Auma mwenyewe akimnyima mke wa mtu baiskeli ya mumewe, mama anayemjua, mama aliyemlisha chakula juzi. "Mama, usinikasirikie. Aliileta yeye, ataichukua yeye." Yule mama alitukana, akaenda, akarudi na mume. Kesho yake walikuwa wanasalimiana kama kawaida, kwa sababu kila mtu alijua kanuni.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko Malaba, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilitia sahihi Busia saa mbili asubuhi, tukaenda na gari la idara. Kabla hatujaanza kazi, niliteleza kwenye tope la kando ya mto, bunduki ikaenda upande huu, sailensa, ambayo sikuwa nimeikaza, ikaenda upande ule. Niliiokota imejaa udongo. Nyuzi hazikushika tena. Nikazungusha, ikakwama, nikaitoa kwa nguvu.

Vijana, mpaka hapo nilikuwa na kosa la utelezi tu. Mtu mwenye akili angeifunga kwenye kitambaa, arudi nayo Busia. Mimi nikaona Mungu amenipa sababu ya kwenda kwa Auma siku isiyo Ijumaa.

"Hii si ya baiskeli," akasema akiigeuza.

"Ni ya kazi."

"Sijauliza." Akachungulia nyuzi, akapuliza. "Ni uchafu tu. Ikae kwenye mafuta taa saa moja, nitaipiga brashi. Ngoja hapo, kaa kwenye benchi."

Nikakaa, na furaha yangu haikupita dakika kumi. Mzee Ekisa alikuja anakimbia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Mbwa mwenye kichaa alikuwa chini ya daraja la reli, amemuuma mbuzi, na akina mama walikuwa wamekwama mtoni na mitungi yao, hawawezi kupanda. Niliruka. Sailensa nikaiacha kwenye kopo la mafuta taa, kama mtu anayeacha tairi.

Tulimkuta mbwa anazunguka zunguka, shingo imepinda. Tuu-tuu bila sailensa ilikuwa mkononi mwangu, lakini mbwa alikuwa anakimbia, na mzee Ekisa hakutaka kubahatisha mbele ya akina mama. Akachukua shotigani yake ya zamani. "KAMA NI KELELE, IWE KELELE," akasema, akafyatua.

Chini ya lile daraja la chuma mlio ule ulirudi mara tatu. Mbwa alikufa papo hapo, akina mama wakapanda wakitushukuru. Lakini ng'ambo wanajeshi walilala chini, filimbi zikalia, lango likafungwa, na honi za malori zikaanza. Polisi wetu walimwagika kutoka kituoni kutafuta ni nani anayepiga bunduki mpakani. Wawili walitufikia, wakaona mbwa, wakatulaumu, wakaenda zao. Wengine, ambao hawakujua habari ya mbwa, walikuwa wanapekua vibanda vya soko na vya kando ya reli.

Nilirudi kwa Auma karibu saa sita. Kibanda kimefungwa. Kopo la mafuta taa limepinduka. Kijana mmoja wa kuvusha abiria akaniambia kwa kunong'ona, "Wamembeba. Wamepata kwake kitu ya majasusi. Inspekta amesema ni silaha, Jumatatu anapelekwa korti Bungoma."

Sasa ndipo maneno ya sajenti yalitoka pale yalipokuwa yamelala. Bomba tupu. Ni kama amepatikana na bunduki. Kwa sababu yangu msichana wa watu alikuwa njiani kwenda jela, na baba yake mgonjwa nyumbani hajui.

Nitasema ukweli, maana mmetaka ukweli. Niliogopa. Sikwenda kituoni. Nilijiambia, bila shaka amenitaja, watakuja kunichukua wenyewe, kwa nini nijipeleke? Nikaenda uwanja wa soko nikaanza kudunga mbwa. Saa saba hakuna aliyekuja. Saa nane, hakuna. Kila nilipoona kofia ya polisi nilidunga utepe badala ya mbwa. Saa tisa ikapita. Na pole pole nikaelewa kitu kilichonichoma kuliko woga: hawakuja kwa sababu hakusema. Yule msichana alikuwa ndani tangu asubuhi na jina langu hajalitoa.

Nikamvuta mzee Ekisa nyuma ya gari, upande wake wa kushoto. "Mzee," nikanong'ona, "ile sailensa nilimwachia Auma."

"NINI?"

Nikasogea zaidi. "Nilimwachia Auma. Amekamatwa."

"WEWE, UNAONGEA AMA UNAPUMUA? SEMA!"

Nikasema kwa sauti ya kawaida. Akatikisa kichwa. Nikapandisha. Akatikisa. Sijui kilichonipata, woga wa saa tatu nzima ulitoka kwa mara moja. Nikapaza sauti yangu yote: "NI MIMI NILIYEMWACHIA AUMA SAILENSA! AMEFUNGWA KWA AJILI YANGU NA MIMI NINAOGOPA!"

Soko lote la Malaba lilinyamaza. Sijawahi kuona sailensa iliyofanya kazi vizuri namna ile. Dereva mmoja alikuwa na chapati mdomoni, haikwenda mbele wala nyuma. Kisha mama wa Uganda aliyekuwa anauza mukene, dagaa wa huko kwao, akasimama, mikono kiunoni.

"Banange! Kumbe ni wewe? Tangu asubuhi umekaa hapa unadunga mbwa, na mtoto wa watu yuko ndani?"

"Mama, niliogopa."

"Tumesikia unaogopa! Hata ng'ambo wamesikia! Nenda umtoe!"

Mzee Ekisa akaniwekea mkono begani. "Sasa nimesikia," akasema. "Na kila mtu amesikia. Kwa hivyo kuogopa kumeisha, hakuna kitu imebaki ya kuficha. Twende."

Tukaenda. Mimi mbele, mzee Ekisa kando, nyuma mama wa mukene, vijana wa baiskeli, matanboi wasio na kazi kwa sababu daraja lilikuwa bado limefungwa, na mbuzi mmoja asiyehusika. Sijawahi kuwa na msafara mkubwa hivyo, hata siku ya harusi yangu.

Inspekta alikuwa kijana mgeni, hajamaliza mwezi Malaba, sare imenyooka. Sailensa ilikuwa mezani kwake juu ya gazeti lililolowa mafuta taa.

"Afande," nikasema, "hiyo ni ya idara ya mifugo. Niliichukua mimi kwa sahihi. Mimi ndiye niliyemwachia huyo fundi, yeye hakujua ni nini. Kosa ni langu."

"Unajua sheria ya hii kitu?"

"Nilisomewa, afande."

"Sijakuuliza kama ulisomewa."

Akapiga simu Busia. Sote tulisikia kitabu kikifunuliwa, kisha sauti ya sajenti ikatoka kwenye ile simu kama iko chumbani: imechukuliwa saa mbili, cheti kiko, jina ni Wandera, na mwambie huyo mjinga nilimwambia! Inspekta akaisogeza simu mbali na sikio. Nikaona mdomo wake unataka kucheka na yeye anaukataza.

Aliweka simu chini, akanigeukia. "Nimemwuliza huyu dada tangu asubuhi," akasema. "Ni ya nani? Jibu lake moja tu: aliyeileta atakuja kuichukua. Nimemtisha na korti. Nimemwambia ni miaka jela. Anasema, atakuja. Mwishowe nikamwambia, dada, hakuna mwanamume duniani atakuja kujishtaki hapa kwa miguu yake. Unajua alinijibu nini? 'Afande, huyo hamumjui.'"

Niliangalia sakafu. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa simjui.

Inspekta alikuwa mtu wa haki. Aliandika maelezo yangu kurasa mbili, nikatia sahihi, akasema mwenye cheti amepatikana, fundi hana kesi, na mimi nitashughulikiwa na wakubwa wangu. Walinishughulikia! Barua ya onyo ilikuja, nikanyimwa bunduki miezi sita, nikawa wa kubeba kipaza sauti na kutangaza "fungeni mbwa" kila kijiji kuanzia Malaba hadi Funyula. Kila nilipopita watoto waliniitikia, "Na mimi ninaogopa!"

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku hiyo Auma alitolewa ndani, nywele zimevurugika, mstari wa grisi uko pale pale kwenye kipaji. Inspekta akaichukua sailensa anipe.

"Hapana, afande," Auma akasema. "Ilitoka kwa mkono wake ikaja kwangu. Irudi hivyo hivyo."

"Dada, hii ni silaha kisheria. Wewe hukubaliwi kuishika. Kuna jina moja tu kwenye cheti."

"Jina gani?"

"La huyu, Wandera."

"Basi sheria yenu inasema tu vile yetu inasema. Ni yeye peke yake anapewa."

Nyuma yetu mama wa mukene akasema, "Eh!" Ndipo inspekta akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Akasema sawa, lakini iwe chini ya ulinzi wa polisi. Akaiweka sailensa kwenye kiganja cha Auma na yeye mwenyewe akashika kwa chini, nami nikanyoosha mkono, na kwa muda mfupi bomba lile lilikuwa na mikono mitatu ya watu juu yake na halikuvunja sheria yoyote.

"Nyuzi ziko sawa," Auma akaniambia. "Nilikuwa nimemaliza walipokuja. Ilikuwa uchafu tu."

"Auma, nisamehe. Nilichelewa."

"Ulichelewa sana. Nimekaa na njaa." Lakini macho yake yalikuwa yameanza kucheka. "Siku ingine ukileta kitu kwangu, usiende. Kaa ungoje."

Nilikuwa nimeaibika mbele ya soko zima, kazi yangu ilikuwa inaning'inia, na tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kufurahi namna ile. Nikamwambia nitakaa. Ijumaa iliyofuata nikaja na baiskeli, nikaketi kwenye benchi mpaka akafunga kibanda. Na Ijumaa nyingine, na nyingine, mpaka baba yake akaniuliza kwa upole kwetu tuna ng'ombe wangapi.

Tuna watoto watano na wajukuu ambao idadi yao yeye ndiye anayeijua. Juzi, nilipoingia na ile saa yenu ya ukutani, aliipokea, akatafuta msumari, akaipigilia mwenyewe kwa sababu haniamini na nyundo. Kisha akajipangusa kipaji, akaniuliza, "Na sasa umestaafu, utaenda wapi?"

Nikamwambia siendi popote.